Neno Alilounganisha Baba

Mapacha wangu walipofikia umri wa kipaimara walichagua njia mbili tofauti, na hilo peke yake halikunisumbua. Tarjei alichagua kanisa kwa sababu vijana wa kanisa hupelekwa kambi ya ziwani na kambini kuna mitumbwi. Sunniva alichagua kipaimara cha kiraia, kile kisichomhusisha Mungu. Vijana wa huko hukaa darasani majira yote ya baridi wakijadili dhamiri na haki na namna ya kuishi na watu, kisha mwezi wa Mei wanapanda jukwaani kwenye ukumbi wa utamaduni, wanaitwa majina, wanapewa cheti na ua moja. Yeye alichagua kwa sababu alikuwa amefikiri. Alifikiri wiki nzima, mpaka Tarjei akamwambia apumzishe kichwa kabla hakijatoa moshi.

Kanisa lilipanga Jumamosi, ukumbi ukapanga Jumapili yake. Nikaamua sherehe itakuwa moja, Jumapili mchana, nyumbani kwetu, nyama moja, keki moja. Mimi nina stashahada ya uhandisi wa maji na nasimamia mtambo wa maji wa wilaya. Sina nafasi ya sherehe mbili.

Aliyehitaji uangalifu alikuwa mama mkwe wangu, Målfrid. Anaishi shambani juu kabisa bondeni kwetu Kvinesdal, kusini mwa Norwe, na ni mtu wa nyumba ya maombi. Bondeni kwetu kanisa ni la kubatizia na kuzikia, nyumba ya maombi ni ya wale wanaomaanisha. Målfrid anamaanisha. Hachezi karata, hanywi divai, na kila Jumapili asubuhi yuko kwenye kiti chake kilekile, safu ya pili.

Mtu aliyempenda kuliko wote katika ukoo alikuwa Sunniva, na hakuficha. Kila Jumapili ya baridi, Målfrid akitoka kwenye maombi, Sunniva alipanda kwake kutazama mbio za kuteleza thelujini kwenye televisheni. Walimenya machungwa, wakakaa bega kwa bega, wakawasema wanamichezo. Wote wawili waliamini kuwa makocha wa timu ya taifa hawajui kupaka nta mbao za kutelezea, na kwamba hawataki kujifunza.

Sunniva alimweleza uamuzi wake hapohapo kwenye kochi, katikati ya mbio za kupokezana. Målfrid alitazama mpaka mkimbiaji wa mwisho alipoingia. Kisha akasema, “Haya. Nitakuja. Lakini sitapiga makofi.”

Sunniva aliona hilo ni haki kabisa. Mambo yalikuwa yamekaa vizuri, na yangebaki hivyo kama nisingetuma kadi.

Ukoo una pande mbili. Upande wa mume wangu Sigbjørn unaomba kabla ya kula, upande wangu unaanza kula. Nikaona niweke kwenye kadi sentensi moja ya kutuliza watu, nikaandika kwamba kwetu sisi njia zote mbili ni sawa kwa uhalali. Kwa lugha yetu sentensi hiyo inaishia kwa maneno mawili, like gyldig. Like ni sawa, gyldig ni halali, kitu kinachokubalika. Niliiandika viazi vikichemka, nikaisoma mara moja, nikampelekea baba.

Kwetu huwezi kuchapisha kitu bila kumpelekea baba. Ukichapisha bila kumpelekea, atakurudishia kikiwa na wino mwekundu. Anaitwa Arnfinn, na alifundisha lugha ya Kinorwe sekondari mpaka akastaafishwa. Adui yake ni nafasi kati ya maneno. Katika lugha yetu maneno mawili yakishikana yanazaa neno jipya, na watu wa siku hizi huyaachanisha kwa uvivu, na yakiachana yanasema jambo jingine. Duka moja hapa liliwahi kubandika tangazo la vipande vya nanasi, wakaacha nafasi mahali pasipotakiwa, likasomeka kuwa nanasi linang’ata. Baba alisimama mbele ya makopo hayo hadi meneja akaja. Mlango mmoja mjini ulikuwa na karatasi ya kukataza sigara, nayo kwa nafasi moja tu ilikuwa inawakaribisha watu wavute kwa uhuru. Baba aliibandua, akaiunganisha kwa kalamu, akairudisha mlangoni.

Kwa hiyo alipoona like gyldig, mkono ulitangulia macho. Akafuta nafasi. Kisha akaipeleka kadi moja kwa moja kwa mchapaji, ambaye alikuwa mwanafunzi wake zamani na hakuthubutu kuuliza. Kadi zikatoka zimenyooka, karatasi nzito, na baba mwenyewe akazipeleka posta kwa wema.

Likegyldig, yakishikana, maana yake ni haijalishi. Ni ile “sawa tu” ya mtoto anayeulizwa atakula nini huku anatazama simu. Kaya arobaini za bonde letu zilipokea kadi nzuri inayosema kwamba kipaimara cha kanisa na kipaimara cha kiraia, kwetu sisi, vyote ni sawa tu, hatujali.

Wa kwanza kupiga simu alikuwa binamu wa Sigbjørn, akicheka mpaka akashindwa kumaliza sentensi. Alisema hajawahi kualikwa kwa ukweli kiasi hicho. Kazini mtambo wangu ukapewa jina la Maji Sawa Tu. Hayo niliyabeba.

Siku ya tatu ukaja mfuko kutoka kwa Målfrid, kwa mkono wa Sigbjørn. Ndani yake lilikuwamo vazi la asili la mkoa wetu, sketi nyeusi, kizibao kilichodariziwa maua, mkufu wa fedha, vyote vya Sunniva. Bibi yake alikuwa akilishona tangu mtoto ana miaka kumi na miwili. Lilikuwa limemalizika, limepigwa pasi, limekunjwa. Hapakuwa na kijikaratasi. Ilikuwa imepangwa kwamba yeye mwenyewe angemvisha Sunniva asubuhi ya siku yenyewe, kwa sababu kufunga lile vazi kunahitaji mtu anayejua.

Nikamuuliza Sigbjørn mama yake amesema nini. Akasema ameshukuru kwa mwaliko. Jumamosi atakuja kanisani kwa Tarjei. Jumapili atakuwa nyumba ya maombi kama Jumapili zote.

“Na wewe ukasema nini?”

“Nikasema sawa,” akasema Sigbjørn.

Ni mtu mwema, fundi mzuri wa mashua za plastiki, na hapendi ugomvi hata wa kwenye redio.

Sunniva alilitazama vazi, akalitundika, akafunga mlango wa chumba chake taratibu. Angeubamiza ningejua la kufanya.

Nikaenda kwa baba. Nilidhani ni kazi ya dakika chache: atakiri amekosea, atampigia Målfrid, basi. Nilimkuta anapogoa miti ya tufaha. Nikamsomea kadi. Akaniambia anaijua kadi, ameipeleka posta yeye. Nikamweleza kilichotokea. Akashuka kwenye ngazi, akavua glavu, na nikajua kwamba sitaondoka mapema.

Baba hakukosea. Hivyo ndivyo alivyolieleza. Alisema neno hilo lilipozaliwa lilikuwa na maana ileile niliyoitaka. Wajerumani walichukua sawa wakachukua halali, wakayafunga pamoja kuita vitu viwili vyenye uzito mmoja, kama mizani isiyoinama. Wadenmaki wakalichukua kwa Wajerumani, na sisi tukalipata kwa Wadenmaki pamoja na makaratasi yao ya serikali na Biblia zao. Lilikuwa neno safi, alisema. Halikuwa na dharau ndani yake. Kisha watu wakaanza kulitumia, na watu ndio tatizo. Mtu akiwa na vitu viwili vyenye uzito mmoja hana sababu ya kuchagua. Asiye na sababu ya kuchagua haangalii. Asiyeangalia hajali. Neno likateremka ngazi moja moja, na hakuna aliyelizuia, mpaka likafika chini kabisa lilipo leo.

“Kwa hiyo kadi iko sahihi,” nikasema.

“Kadi iko sahihi kwa asili. Kosa liko vichwani mwa watu, na lina zaidi ya miaka mia mbili.”

“Baba, mjukuu wako anakosa bibi siku ya kipaimara chake.”

Alikunja glavu zake. Kisha akasema kwamba angalau nafasi ile, kwa mazingira haya mahususi, ilikuwa na hoja. Kwa baba huko ni kuomba radhi kwa magoti. Nikamwambia atakuja nami kwa Målfrid kumweleza. Akasema ana miti. Nikamwambia miti itasubiri.

Jioni ile akanipigia mchungaji wetu, Solrun, mwanamke wa Kaskazini anayeongea kwa haraka na hazunguki. Aliniuliza kama najua kwamba Sunniva alipita ofisini kwake baada ya shule. Sikujua. Akasema mtoto ameomba kuhamishiwa kipaimara cha kanisa. Amekwisha kujifunza ungamo la imani kwa moyo, amelisema lote bila kukwama, vizuri kuliko vijana wengi wa darasa la Solrun mwenyewe, alisema, bila kutaja jina la Tarjei. Solrun alipomuuliza kwa nini, Sunniva alijibu kwamba bibi yake anataka.

“Nikamuuliza kama anaamini alichokisema,” alisema Solrun. “Akasema hapana, lakini anaweza kukisema kwa sauti nzuri.”

“Umemjibu nini?”

“Nimemwambia nitafikiri. Sasa sikiliza, Gunnvor. Mlango wangu haufungwi kwa mtu. Lakini huyu mtoto haji kwangu. Anamkimbilia mtu mwingine kwa kupitia kwangu.”

Nikaenda chumbani kwa Sunniva. Alikuwa kitandani na kijitabu cha kanisa cha Tarjei, ambacho kilikuwa bado kipya. Nilimuuliza kama ni kweli. Akasema ni kweli, na kwamba nisianze. Amelipiga hesabu suala lote. Yeye hana hakika kama hakuna Mungu, ana hakika tu kwamba hajamwona. Bibi ana hakika kabisa. Basi mwenye hakika ndiye anayeumia zaidi, na asiye na hakika ndiye anayepaswa kusogea. Majira yote ya baridi walifundishwa kuwafikiria wengine, na huku ndiko kuwafikiria.

Nikamwambia hivyo sivyo ilivyokusudiwa.

“Si mwenyewe umeandika zote ni sawa tu,” akasema.

Nikamwambia kesho mchana twende kwa bibi, mimi, yeye na babu, na mpaka hapo asijiandikishe popote.

Njiani baba alikaa mbele akiwa na kamusi tatu mapajani. Nilimwambia moja ingetosha. Akasema moja huonekana kama maoni. Sunniva alikaa nyuma akitazama nje. Mto ulikuwa umejaa maji ya theluji, na barabara ya kwa Målfrid ilikuwa imelainika kiasi kwamba mara mbili nilidhani tutashuka tusukume.

Målfrid alitukaribisha kama anavyomkaribisha mtu yeyote, yaani kwa kutokushangaa. Kahawa ilikuwa tayari. Akaweka mezani chapati laini za viazi zilizopakwa siagi na sukari, akamsogezea Sunniva sahani kwanza bila kumtazama. Sunniva akachukua moja, akaishika tu.

Nilisema tumekuja kwa ajili ya kadi, na kwamba baba ana maelezo. Målfrid akakunja mikono juu ya meza akasema, “Haya, Mwalimu. Fundisha.”

Baba akafundisha. Alianza na Wajerumani. Akafungua kamusi ya kwanza, akaeleza mizani. Akafungua ya pili, akaeleza Wadenmaki. Alitamka like gyldig kwa mikazo miwili, kisha likegyldig kwa mkazo mmoja, kisha akarudia yote mawili ili kila mtu asikie nafasi inavyofungwa katikati kama mlango. Alieleza namna neno lilivyoteremka. Akafikia mwenyewe, na hapo alipunguza sauti, akasema kwamba kwa mazoea ya kazi alifuta nafasi ambayo binti yake aliiweka kwa makusudi, na kwamba kadi ilikusudia kusema njia zote mbili ni sawa kwa uhalali. Kisha akafunga kamusi.

Målfrid alimimina kahawa kwenye vikombe vyote vinne kabla ya kusema kitu.

“Nilijua,” akasema.

Baba akauliza alijua nini.

“Nilijua kwamba hilo ndilo lililokusudiwa. Mimi si mjinga, Arnfinn. Namjua Gunnvor. Hawezi kuwaandikia watu arobaini kwamba hajali. Angalau asingetumia karatasi nzito vile. Nilisoma, nikajua mkono wako umepita hapo, nikaiweka nafasi mahali pake mwenyewe. Hapo ndipo nilipokasirika.”

Nilimwambia sielewi.

“Sioni kama ni sawa kwa uhalali,” akasema Målfrid. “Moja ni sahihi na nyingine si sahihi. Ninavyoamini mimi. Mtoto huyu amechagua isiyo sahihi, na nilikuwa nimekubali kuja kukaa pale nimtazame akikosea, kwa sababu ni wangu. Hiyo ilikuwa kazi ngumu na nilikuwa nimejiandaa. Halafu inakuja kadi inaniambia haikuwa na ugumu wowote. Njia zote zinafika. Niliyekuwa nalia usiku kwa ajili yake nimejisumbua bure.”

Sunniva aliinua macho.

“Ulikuwa unalia?”

“Siku mbili tatu. Usijione.”

Baba alianza kusema kwamba usawa wa uhalali hauna maana ya kwamba mtu haruhusiwi kuwa na msimamo. Målfrid alimkatiza kwa kumsogezea sukari.

“Umetuambia mwenyewe sasa hivi, Mwalimu. Umekuja na vitabu vitatu kutuambia. Neno lilianza kwa kusema zote sawa, likaishia kwa kusema sijali. Hakuna aliyelisukuma. Liliteremka lenyewe kwa sababu huko ndiko njia inakoelekea. Sasa wewe unataka nikae pale juu, kwenye ngazi ya kwanza, nijifanye siioni ngazi.”

Baba alifungua kamusi ya kwanza tena. Hakutafuta kitu. Aliiangalia tu.

Kisha Målfrid akanigeukia mimi. “Wewe kazini kwako, maji yote ni sawa kwa uhalali?”

“Hapana, Mama.”

“Kuna safi na kuna chafu.”

“Kuna safi, kuna chafu, na kuna ya kuchemsha.”

“Basi kwa nini nyumbani unaandika hivyo? Wewe mwenyewe unaona ipi ni sahihi?”

Nilimwambia ukweli, kwamba niliandika sentensi ile viazi vikiwa jikoni, na kwamba nilitaka watu wale wakae meza moja bila kurushiana vijiko. Sikuwa nimeuliza ipi ni sahihi. Nina kazi ya kutwa.

“Hilo nalielewa,” akasema Målfrid, na nadhani alilielewa. “Lakini usiliite uhalali. Liite uchovu.”

Nilikunywa kahawa yangu.

Sunniva aliweka chapati chini. Akasema, kwa sauti ileile anayotumia kueleza kuhusu nta, kwamba jambo limekwisha, kwa sababu anahamia kanisani. Amekwisha kwenda kwa mchungaji. Jumamosi watakuwa wawili, yeye na Tarjei, Jumapili kila mtu atakuwa huru, na bibi hatakosa maombi yake.

“Nimesikia kwa Sigbjørn,” akasema Målfrid. “Nimempigia Solrun asubuhi.”

“Umemwambia nini?”

“Nimemwambia asikuandikishe.”

Hata baba aliinua kichwa.

“Lakini ndicho unachotaka,” akasema Sunniva.

“Nataka uamini. Sikusema nataka useme. Utasimama mbele ya madhabahu useme ndiyo kwa Mungu usiyemwamini ili bibi yako afurahi? Huko ni kunifanya mimi ndiye Mungu, na mimi nina goti bovu. Kaa hukohuko kwenye kosa lako. Kosa la kweli ni bora kuliko ‘ndiyo’ ya uongo. Ukibadilika siku moja, ubadilike kwa sababu umebadilika.”

“Sitabadilika.”

“Tutaona.”

“Bibi, mimi nadhani wewe ndiye uliyekosea.”

“Najua unavyodhani. Umeniambia toka una miaka tisa.”

“Basi kwa nini hutaki kuja?”

Målfrid alichukua kisu akakata chapati ya viazi vipande viwili, akakata tena. Nilimwona anatafuta namna ya kulisema bila kulipunguza.

“Kwa sababu nilialikwa kwenye sentensi,” akasema. “Nikija, nimeitia sahihi. Niondolee sentensi. Usiirekebishe, Arnfinn, usiweke nafasi, usiongeze nukta. Iondoe. Niite nije kwa mtoto, nitakuja. Nitakuja nikiwa napinga. Hilo anaweza kulivumilia?”

Swali lilikuwa kwa Sunniva. Nilitaka kulijibu mimi, kwa sababu nilikuwa na majibu mawili mazuri, lakini Målfrid alininyooshea kidole bila kunitazama.

Sunniva alifikiri. Tulimsubiri. Huyu ni mtoto aliyetumia wiki kuchagua kipaimara, kwa hiyo nilianza kukusanya vikombe.

“Utapinga kwa sauti?” akauliza.

“Nikikuta la kupinga.”

“Pale ukumbini?”

“Ukumbini nitanyamaza. Nje nitasema.”

“Na utanivalisha vazi?”

“Unadhani mama yako anaweza kufunga ule mkanda?”

Hapo Sunniva akala chapati yake.

Kadi mpya niliichapisha kazini. Ilikuwa na majina mawili, siku mbili, mahali, na chakula. Baba aliiomba kuipitia nikampa, kwa sababu kumnyima kungekuwa ukatili. Aliisoma mara mbili, akatafuta kalamu mfukoni, akairudisha kalamu mfukoni. Akasema imeandikwa kikavu mno. Nikamwambia ndivyo ilivyotakiwa. Niliipeleka posta mwenyewe. Binamu wa Sigbjørn alipiga simu kulalamika kwamba ile ya kwanza ilikuwa bora.

Jumamosi Tarjei alipata kipaimara chake kanisani bila tukio. Alipoulizwa swali alijibu ndiyo, na Målfrid aliniambia mlangoni kwamba jibu lilikuwa jepesi lakini ataliombea.

Jumapili asubuhi alifika kwetu mapema, amevaa vazi lake la asili. Kwa ninavyojua, hiyo ilikuwa Jumapili ya kwanza kiti chake cha safu ya pili kukaa wazi akiwa mzima. Alimfungia Sunniva mkanda kwa nguvu mpaka mtoto akasema hapati pumzi, akalegeza kidogo, akamgeuza, akamtazama. “Umesimama vibaya,” akamwambia. “Nyoosha mgongo. Kama unakosea, kosea umenyooka.”

Ukumbini alitaka kukaa mbele kwa sababu sikio lake la kushoto halisikii vizuri na hakutaka kukosa la kupinga. Baba alikaa upande wake mmoja, mimi upande mwingine. Kwaya ya shule iliimba. Mtu wa hotuba alikuwa mwanamume wa makamo mwenye skafu, alisema kwamba kila mmoja wetu anatengeneza maana ya maisha yake mwenyewe, na akalisema kwa namna tofauti kwa muda mrefu. Målfrid alikuwa amekunja mikono. Mara moja alitoa pumzi puani, nikamkanyaga kidogo, akanikanyaga zaidi.

Walianza kuita majina. Tulikuwa tumeombwa tusipige makofi mpaka wote wamalize. Jina la Sunniva lilipoitwa, akapanda, mgongo umenyooka kama fimbo, na Målfrid akasimama. Hakuna mwingine aliyesimama. Alisimama na mikono yake bado imekunjwa, mkoba ukining’inia kiwikoni, uso kama wa mtu anayesubiri benki ifunguliwe. Baba alimvuta sketi akamnong’oneza kwamba hapa hawasimami.

“Nyumbani kwetu tunasimama,” akasema Målfrid, si kwa kunong’ona.

Alibaki wima mpaka mtoto akapokea cheti na ua, akateremka. Ndipo akakaa. Makofi yalipokuja mwishoni hakupiga, kama alivyosema.

Nje kulikuwa na jua na upepo, watu wakipiga picha. Sunniva alikuja moja kwa moja kwa bibi yake akauliza alikuta mangapi ya kupinga. Målfrid akasema alikuta mengi, aanze na lipi. Sunniva akasema aanze na la kwanza. Målfrid akamshika mkono kwa sababu ya goti na uwanja wenye changarawe, wakaanza kutembea kuelekea maegesho. Nilisikia, “Yule mwenye skafu anasema unatengeneza maana mwenyewe. Na asiyejua kutengeneza je?” Nikasikia Sunniva akisema hilo ni swali zuri lakini limekaa vibaya. Wakasimama ili Målfrid amwonyeshe kwamba halijakaa vibaya. Wakaendelea, wakasimama tena.

Nyama ilikuwa kwenye oveni na wageni walikuwa njiani. Niliwaita mara moja, Sigbjørn akawaita mara moja, kwa upole. Hawakugeuka. Baba alisema angeweza kwenda kuwaeleza tofauti kati ya maana na kusudi, ingewapunguzia muda. Nikamwambia aingie garini.